Mchele wa Japani: kwa nini bei ya mfuko wa kilo 5 inaweza kumng'oa waziri

Mei 2025 waziri wa kilimo wa Japani, Eto Taku, alikuwa kwenye shughuli ya chama chake kule mkoa wa Saga, akasema yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wake wanampa mwingi mpaka stoo ya nyumbani kwake upo wa kuuza. Siku tatu baadaye kazi hana. Wakati anaongea hayo mfuko wa kilo 5 supamaketi ulikuwa umevuka yen 4,200, ambayo ni karibu dola 30, na mwaka mmoja nyuma ulikuwa kama nusu ya hapo. Watu waliokuwa wanahesabu sarafu kununua wali wa watoto hawakuwa na hamu kabisa ya kusikia habari za stoo ya waziri.

Ukiangalia kwa mbali unaweza kusema ni ulimi tu umeteleza, angeomba radhi yakaisha. Aliomba, na hayakuisha. Sababu ni kwamba mchele kwa Wajapani ulikuwa pesa, ukawa kodi, ukawa ibada, halafu ukawa kura, na kila kimoja kati ya hivyo kimeacha alama yake kwenye hiyo bei ya supamaketi. Watu wengi wakielezea hii ishu wanasema tu "Wajapani wanaupenda mchele tangu enzi" wanaishia hapo, na hiyo ni nusu ya habari, tena nusu yenye makosa.

Tuanze na maji maana ndo chanzo. Kilimo cha mpunga kiliingia Japani kutoka bara, kupitia rasi ya Korea, kikashika mizizi kwanza kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu karne nyingi kabla ya Kristo. Sasa jaruba la mpunga halilimwi na mtu mmoja mmoja anavyotaka. Lazima liwe sawasawa kama meza, maji yaingie kwa wakati na yatoke kwa wakati, na maji yanayotoka kwako ndo yanayoshuka kwa jirani wa chini, kwa hiyo ukifunga mlango wako wa maji siku mbili za ziada mwenzako miche inamkaukia. Wanaolima skimu ya Lower Moshi, ambayo Wajapani wenyewe walisaidia kuijenga miaka ya 80, au kule Mwea Kenya, wanaujua huu ugomvi vizuri, hauhitaji kuelezewa. Kijiji cha Kijapani kilijengwa juu ya hii hesabu ya maji: mifereji inasafishwa kwa pamoja, zamu zinapangwa kwa pamoja, na anayevunja taratibu anatengwa na kijiji kizima kwa kila jambo isipokuwa mawili tu, nyumba yake ikishika moto na mtu wake akifa. Yaani hata huo msiba na moto wanakuja kwa sababu vinaweza kuwafikia na wao.

Mpaka leo ukienda vijijini mwishoni mwa mwezi wa 4 na mwanzo wa mwezi wa 5, kwenye ile likizo yao ndefu, utaona vijana waliohamia mjini wamerudi, pikapu ndogo nyeupe zimejipanga pembeni ya jaruba, trei za miche zinashushwa moja moja anapewa aliyepo kwenye mashine ya kupandikiza, bibi anafuata nyuma na gamubuti zake anajaza kwa mkono pale kwenye kona mashine ilipopitiliza. Jumatatu wale vijana wanarudi ofisini. Hiyo picha iwekeni akilini maana kwenye siasa ina maana kubwa sana.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwishoni mwa karne ya 16 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru mashamba yote ya nchi yapimwe, na kipimo kilichotumika ni koku, ambayo ni kama kilo 150 za mchele, inasemwa ni chakula cha mtu mzima mmoja kwa mwaka. Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinahesabiwa kwa koku. Bwana wa eneo, daimyo, ili aitwe daimyo ilibidi eneo lake liwe na angalau koku 10,000, na familia ya Maeda kule Kaga ilikuwa na zaidi ya milioni 1, ndo waliokuwa wakubwa kupita wote ukimtoa shogun mwenyewe, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi. Samurai mshahara wake ulikuwa mchele. Kodi ya mkulima ni mchele. Na hapa kuna kitu napenda sana watu wakijue: hata shamba la maharage ya soya, hata kiwanja cha nyumba, vilikadiriwa kwa koku kana kwamba vinatoa mchele. Kule kaskazini kabisa, Hokkaido ya leo, kulikuwa na bwana wa Matsumae ambaye eneo lake mpunga haukuota kabisa kwa baridi, aliishi kwa biashara ya samaki na ngozi na Waainu, wenyeji wa asili wa huko, lakini na yeye akapewa cheo cha koku 10,000 maana bila koku hakukuwa na namna ya kumuweka kwenye daftari la serikali.

Huyo samurai unayemlipa mchele hawezi kununua kiatu kwa mchele, lazima auze. Wakatokea madalali kule Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo, mtaa wa Kuramae karibu na maghala ya shogun, kazi yao kumpokelea samurai mchele wake na kumuuzia, kisha wakaanza kumkopesha kwa dhamana ya mchele wa mwakani, kisha wa mwaka wa tatu, mpaka samurai wakazama kwenye madeni na mwaka 1789 serikali ikafuta sehemu kubwa ya hayo madeni kwa amri. Na Osaka, kwenye soko la Dojima, wafanyabiashara hawakuwa hata wanabeba magunia, walikuwa wanauziana karatasi za mchele uliopo ghalani na hata ahadi za mchele wa siku za mbele, na mwaka 1730 shogun akalitambua soko hilo rasmi. Bei zilikuwa zinapelekwa miji mingine kwa watu kupunga bendera kutoka kilima kimoja mpaka kingine. Wataalamu wengi wa uchumi wanaliita soko la kwanza duniani la aina hiyo.

Na mkulima mwenyewe? Mkulima alikuwa anakula shayiri, mtama, ulezi, figili, viazi, na mchele kidogo wa kuchanganyia. Mchele mweupe safi ulikuwa wa sikukuu, wa mgonjwa, wa watu wa mjini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kila Mjapani tangu zama za kale amekula wali mara tatu kwa siku, sivyo, hiyo hali ya kila mtu kushiba wali ni ya juzi juzi tu, karne ya 20. Waliokuwa wanaulima ndo walikuwa hawaushibi. Mimi naona huu ndo ufunguo wa habari nzima, maana kitu ulichokilima ukakitoa chote kuwa kodi kizazi hadi kizazi, siku ukikipata mezani kwako hautakiona kama chakula tu.

Upande wa ibada nao mzito. Katika masimulizi yao ya kale mungu wa jua, Amaterasu, anampa mjukuu wake masuke ya mpunga ashuke nayo duniani, na ukoo wa kifalme unahesabiwa kutokea hapo. Kwa hiyo Mfalme wa Japani kabla ya kuwa kitu kingine chochote ni kuhani wa mpunga. Kila tarehe 23 Novemba usiku anatoa mchele mpya kwa miungu na yeye mwenyewe anaula, na siku hiyo ni mapumziko ya taifa, ila tangu 1948 kwenye kalenda imeandikwa ni siku ya kushukuru kazi, maana baada ya vita dini na serikali vilitenganishwa. Mfalme mpya akikaa kwenye kiti anafanya ibada hiyo kwa ukubwa zaidi, mara moja tu maishani. Mfalme Naruhito aliifanya Novemba 2019, na kabla yake, mwezi wa 5, gamba la kobe lilichomwa kwenye moto ndani ya jumba la kifalme, wakasoma nyufa zake ndipo ikajulikana mpunga utatoka mikoa gani miwili: Tochigi na Kyoto. Nchi ya treni za risasi na maroboti. Na kila mwaka Mfalme anaingia kwenye jaruba dogo ndani ya jumba lake anapanda miche kwa mkono, desturi aliyoianzisha babu yake Naruhito mwaka 1927, kwa hiyo si ya kale kama watu wanavyodhani.

Ukitoka hapo unaukuta mpunga kila mahali. Kamba nene zinazoning'inia kwenye madhabahu za Shinto, dini yao ya jadi, ni mabua ya mpunga. Ulingo wa sumo umezungushiwa mabua ya mpunga yaliyofungwa kama magunia marefu na kufukiwa nusu kwenye udongo. Mikeka ya tatami ndani yake ilikuwa mabua. Sanamu za mbweha unazoziona Fushimi Inari kule Kyoto, pale penye yale malango mekundu watu wanapopiga picha, ni wajumbe wa mungu wa mpunga.

Sasa siasa yenyewe. Julai 1918 vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inakaribia kuisha, bei ya mchele inapanda kila wiki, na taarifa kwamba jeshi linapelekwa Siberia zikawafanya wafanyabiashara wafiche mzigo wakisubiri bei ipande zaidi. Kwenye mji mdogo wa wavuvi, Uozu, mkoa wa Toyama, wanawake, wake wa wavuvi na wabeba mizigo, wakakusanyika bandarini kuzuia mchele usipakiwe melini kupelekwa sehemu nyingine wakati wao wanalala njaa. Hakuna chama kilichowapanga. Ndani ya wiki chache moto ukawaka nchi nzima, maghala yakavunjwa, jeshi likaitwa, na Septemba waziri mkuu Terauchi Masatake akajiuzulu. Kina mama wa bandarini waliiangusha serikali, na tangu siku hiyo kila mwanasiasa wa Japani analijua hilo hata asipolisema. Jibu la serikali likawa kukamua mchele zaidi kutoka Korea na Taiwan, makoloni yao ya wakati huo, ili mfanyakazi wa Osaka ale kwa bei nafuu, na Mkorea akabaki kununua mtama wa Manchuria. Hilo nalo lisisahaulike watu wakiongelea uzuri wa utamaduni wa mchele.

Vita ya pili ilipopamba moto, mwaka 1942, serikali ikatunga sheria ya kushika mchele wote: mkulima anaiuzia serikali, serikali inagawa. Baada ya kushindwa 1945 chakula cha mgao hakikutosha kabisa, kila mtu akawa ananunua kwa walanguzi. Hakimu mmoja wa Tokyo, Yamaguchi Yoshitada, kazi yake ilikuwa kuwahukumu watu waliokamatwa na chakula cha magendo, akaona hawezi kuwafunga watu halafu yeye akanunue hukohuko, akakataa kula chochote nje ya mgao na mwaka 1947 akafa kwa utapiamlo ana miaka 33. Ile sheria ya 1942 iliendelea kuishi mpaka 1995! Sheria ya dharura ya vita, miaka 53.

Wakati huohuo Wamarekani waliokuwa wanaitawala Japani wakafanya kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kiliamua siasa za nchi hiyo mpaka leo. Waliilazimisha serikali ya Japani kununua kwa nguvu ardhi ya mabwanyenye na kuwauzia wapangaji waliokuwa wanailima, bei ya kutupa. Mtu ambaye baba na babu yake walikuwa wanatoa karibu nusu ya mavuno kumlipa mwenye shamba, ghafla shamba ni lake, hata kama ni hekta 1. Walilenga kuua ukomunisti vijijini na waliua kweli. Mwenye shamba lake hataki tena mapinduzi, anataka bei nzuri. Vyama vya ushirika vikaundwa kwa sheria ya 1947, leo wanajulikana kama JA, na hawa si wauza mbolea tu, ni benki, ni bima, ni duka, ni mnunuzi wa mchele, kila kijiji wapo. Chama tawala cha LDP kilipozaliwa 1955 kikakuta mtandao uko tayari. Ushirika unakusanya kura, wabunge wanapandisha bei ambayo serikali inanunulia mchele, mkulima anafurahi, na kwa kuwa mipaka ya majimbo ilichelewa kufuata watu waliohamia mjini, kura moja ya kijijini ilikuwa na uzito kuliko kura ya Tokyo.

Shida ikaja kutoka mezani. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikuwa anakula wastani wa kilo 118 za mchele kwa mwaka, na hapo ndo ulikuwa mwisho wa kupanda, ukaanza kushuka na leo ni karibu kilo 50 tu. Watoto walilelewa na mkate wa shule uliotokana na ngano ya Marekani, wali kwenye chakula cha shule uliingia rasmi mwaka 1976! Serikali inanunua ghali, inauza rahisi, maghala yanafurika, hasara inalipwa na bajeti. Badala ya kushusha bei wakaamua kupunguza mchele, kuanzia miaka ya 70 mwanzoni mkulima akawa analipwa ili ASILIME mpunga kwenye sehemu ya shamba lake. Hebu fikiria hilo kwa watu ambao mpunga ni ibada. Mkoa wa Akita kulikuwa na ziwa la Hachirogata, la pili kwa ukubwa nchini, serikali ikalikausha kwa pampu kupata ardhi ya mpunga, ikawachagua wakulima kutoka nchi nzima waje waanze maisha kwenye kijiji kipya cha Ogata, wakauza vyao wakaja, hawajakaa hata miaka kumi wakaambiwa punguzeni. Kijiji kikagawanyika vipande viwili, wanaotii na wanaolima kwa nguvu na kuuza wenyewe, na uhasama ule ulidumu miaka mingi.

Kwa nje msimamo ukawa hata punje moja ya mgeni isiingie, bunge lilipitisha maazimio kabisa. Halafu kiangazi cha 1993 kikawa cha baridi isiyo ya kawaida, majivu ya volkano ya Pinatubo ya Ufilipino yalichangia, mavuno yakaanguka kwa karibu robo. Serikali ikalazimika kuagiza zaidi ya tani milioni 2, Thailand ikatoa mwingi, na wateja wa Kijapani wakaukataa mchele mrefu wa Thailand, wakaulalamikia harufu, mwingine ukaishia kuwa chakula cha mifugo, wakati kule Thailand bei zilikuwa zimewapandia maskini kwa ajili ya huo huo mchele. Hilo liliniuma nilipolisoma na bado linaniuma. Desemba mwaka huohuo waziri mkuu Hosokawa akakubali kufungua mlango kidogo kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia, na leo Japani inaingiza karibu tani 770,000 kwa mwaka bila ushuru, zaidi ya hapo unalipa yen 341 kwa kila kilo, ambayo ni njia nyingine ya kusema usilete.

Ukishayajua hayo, bei ya 2025 inaelezeka. Ule mpango wa kupunguza kilimo ulifutwa rasmi 2018 lakini ruzuku za kumhamisha mkulima kwenye mpunga wa mifugo na mazao mengine zikabaki, kwa hiyo kiasi kinacholimwa kikawa kinalingana karibu sawa kabisa na kiasi kinacholiwa. Hakuna nafasi ya kuteleza. Likaja joto kali la 2023, mkoa wa Niigata ambao ndo jina kubwa la Koshihikari, aina maarufu ya mchele, ukapata karibu asilimia 5 tu ya Koshihikari yake kwenye daraja la kwanza, nyingi ilikuwa na punje nyeupe kama chaki zinazovunjika kwenye kukoboa. Agosti 2024 tetemeko likapiga Miyazaki, serikali ikatoa tahadhari ya tetemeko kubwa zaidi, watu wakakimbilia supamaketi wakafagia rafu. Bei ikaruka na haikushuka hata mavuno mapya yalipoingia. Baada ya Eto kuondoka akaingia Koizumi Shinjiro, mtoto wa waziri mkuu wa zamani, akafungua maghala ya akiba ya taifa na kuuza moja kwa moja kwa maduka kwa bei ambayo mfuko wa kilo 5 uliweza kuuzwa karibu yen 2,000, foleni zikapangwa tangu alfajiri. Haikutosha, Julai muungano wa serikali ukapoteza wingi wa viti baraza la juu la bunge.

Na wakulima, je, walitajirika? Bei nzuri ya mwaka mmoja haimfufui mtu. Waliokuwa wanaishi hasa kwa kilimo mwaka 2000 walikuwa kama milioni 2.4, mwaka 2024 wamebaki kama milioni 1.1 na wastani wa umri wao ni miaka 69. Wale vijana wa likizo ya mwezi wa 5 hawarudi kulima, wanarudi kusaidia wazazi mpaka wazazi watakapoacha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema LDP imemlinda mkulima miaka yote hii. Imelinda bei na imelinda idadi ya wapiga kura wenye hekta 1, mkulima kijana anayetaka hekta 30 ilimfungia njia kwa kumlipa kila mwenye kajaruba asikiachie.

Waziri mkuu wa wakati huo, Ishiba, alitangaza Agosti 2025 kwamba sasa nchi itaongeza uzalishaji. Miezi miwili baadaye akaingia Takaichi Sanae, na waziri wake mpya wa kilimo Suzuki Norikazu, anayetoka mkoa wa wakulima wa Yamagata, akarudisha ile kauli ya kulima kwa kadiri ya mahitaji. Njia nyingine ipo na ilishaguswa: serikali ya upinzani iliyoingia 2009 iliwalipa wakulima yen 15,000 taslimu kwa kila sehemu ya kumi ya hekta, pesa inaenda kwa mkulima mwenyewe bila kupitia kwenye bei ya mfuko, ila hata wao waliambatanisha sharti la kupunguza mpunga. LDP iliporudi ikakata ile pesa nusu 2014 na kuifuta kabisa 2018. Kumlipa mkulima hivyo bila lile sharti, ukamwacha alime anavyoweza na ziada ikauzwa nje, hakuna serikali ya Japani iliyowahi kujaribu.